Kiti cha Motokaa ya Bwana Khelef

Mtu asinitajie kiti. Ukitaka tukosane mimi na wewe leo hivi, nitajie kiti cha motokaa, halafu uone. Nna haki ya kusema hivyo, na nikikuhadithia utaniambia mwenyewe kwamba mwanamke mwengine angeshachana buibui lake barabarani.

Mume wangu, Bwana Khelef, si mtu wa makeke. Tangu anioe sijamwona akipanda punda wa matandiko ya fedha, wala kufunga jambia siku isiyokuwa Idi. Baraza yake ni ile ile ya nje ya mlango wetu hapa Malindi ya Unguja, na maneno yake ya kutwa nzima unaweza kuyafunga kwenye pembe ya leso. Basi aliporudi adhuhuri moja akanambia kauza kipande cha shamba la karafuu na kanunua motokaa, nilidhani jua limempiga.

"Motokaa?" nikamwuliza. "Motokaa ya nini, Bwana? Uchochoro wetu huu hata punda wawili hawapishani."

"Itakaa Funguni, bandani," akasema. "Nimeinunua nikamchukue Kulthum."

Kulthum ni binti yetu, kaolewa Bububu na kijana anayeitwa Suud, na wakati ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu sisi, mimba ya kwanza mtoto wa kike huja kujifungulia kwa mama yake. Ndiyo ada, haina mjadala. Mama mkwe ataleta samli na kuku, atakuja kumwona mzazi, lakini kitanda cha uzazi ni cha kwa mama. Na mimi nilikuwa na sababu kubwa kuliko ada. Kabla ya Kulthum nilimzaa Muza.

Muza aliolewa mbali, Dunga, na njia ya Dunga siku zile ilikuwa mawe matupu. Masika yalipoingia tukasema atakuja wiki ijayo, na wiki ijayo tukasema vile vile. Uchungu ukamshika kabla ya siku zake. Baba yake akaenda kumchukua kwa gari la ng'ombe, nami nikabaki nyumbani namtandikia kitanda. Alinirudishia maiti, mwanangu na kitoto chake tumboni. Nikamwuliza mume wangu, ilikuwaje huko? Akasema, "Mungu kapenda." Basi. Sikupata neno jengine kwake, na jina la Muza hakulitaja tena. Nikajisemea wapo wanaume waliojaaliwa nyoyo nyepesi, wakishazika wamezika.

Kwa hiyo ile motokaa ilinifurahisha, sikufichi. Nilimtaka Kulthum wangu hapa, mbele ya macho yangu, siku zake zikiwa bado. Lipo gari la moshi la Bububu, nnajua. Linapita hapo nje likipiga kengele, na cheche zake zimeshanitobolea mabuibui mawili. Mja mzito utamtia humo akabanwe na matenga ya samaki?

Aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nyeusi, ina taa za shaba, ina paa la turubai la kukunja, na nyuma ina kiti kirefu cha ngozi kinachong'aa, chenye vifungo. Bwana Khelef alitupeleka Funguni kuitazama, mimi na wifi yangu Bi Nunu. Huyu Bi Nunu ni dada yake mkubwa Bwana Khelef, mjane, tunakaa nyumba moja. Mcha Mungu, mkarimu, mchuzi wake wa papa hauna mfano. Lakini akilishika jambo, afadhali ushikwe na kupe.

Dereva tulimpata pamoja na motokaa. Jina lake Simai, mtu wa Tumbatu, na ndiye aliyemwendeshea yule Mzungu. Kijana mzuri, lakini ulimi wake hauna breki.

Bi Nunu aliinamia kile kiti, akaokota kitu kwa vidole viwili. "Simai, nywele gani hizi?"

"Za Tomi hizo, Bi mkubwa."

"Tomi ndiye nani?"

"Mbwa wa yule Bwana Mzungu. Mahala pake palikuwa hapo hapo. Tena alikuwa akipenda kuviramba vile vifungo!"

Yarabi! Si angeung'ata ulimi wake yule mtu? Si angesema ni za paka?

Bi Nunu alizitupa zile nywele, akafuta mkono ukutani. "Mbwa! Mwanangu Kulthum hakai juu ya najisi. Kitolewe, kitoharishwe. Mara saba, na moja kwa udongo."

"Wifi," nikasema, "kile ni ngozi, si sufuria."

"Najisi ni najisi."

Nikamtazama mume wangu. Bwana Khelef akasema ya dini hayana ubishi. Na kweli hayana, mimi Mwislamu mwenzao, ningesema nini? Kiti kikafunguliwa, kikabebwa na hamali mpaka uani kwetu, na Bi Nunu akajifunga kibwebwe. Alikimwagia maji, akakipaka udongo, akakisugua kwa makumbi ya nazi mpaka jasho likamtiririka, akakimwagia tena, na tena, mpaka saba zikatimia. Kisha kikapandishwa darini kikauke kwenye jua la kaskazi.

Kikauke! Kilikauka kama samaki wa ng'onda. Ngozi ilijikunja, ikapasuka mistari mistari, na maji yaliyoingia ndani hayakupata pa kutokea. Kumbe Wazungu viti vyao huvijaza singa za farasi. Zile singa zilioza humo humo, na nyumba nzima ikanuka zizi.

Sasa Bi Nunu hajui harufu mbaya isiyotibika kwa udi. Siku nilipokwenda kuwapa pole watu wa Kiponda, aliwasha makaa, akatia udi kwenye chetezo, akakiweka chetezo juu ya kiti na kukifunika chote kwa shuka ili moshi uingie, kama tunavyofukiza nguo. Halafu akaenda kusali alasiri. Na Bi Nunu akisali haondoki mswalani kabla ya kumaliza nyiradi zake zote, na anazo nyingi.

Niliporudi moshi ulikuwa ukitoka dirishani na ulikuwa si wa udi. Tulimwaga mtungi mzima wa maji. Shuka imekwenda, na katikati ya kiti pana tundu la ukubwa wa sahani.

"Lo!" nikasema. "Lo! Wifi! Umefanya nini?"

Bi Nunu akanusa. "Lakini ile harufu imetoka," akasema.

Nilicheka? Sikucheka. Nilikwenda chumbani nikajifungia, nikauma mto.

Jioni Bwana Khelef alirudi, akakitazama. Mimi nilitegemea atagomba, na moyoni nilitaka agombe, nipate mwenzangu wa kukasirika. Hakugomba. Alipiga goti, akatia mkono katika lile tundu mpaka vidole vikafika kwenye ubao wa chini. Akaugonga ule ubao, ko, ko.

"Haendi mtu Bububu," akasema, "mpaka kiti hiki kitengenezwe."

Hapo ndipo ilipoanza adhabu yangu.

Kiti kilipelekwa kwa Darwesh, mshona makubadhi wa Darajani. Darwesh hajapata kushona kiti maishani mwake, lakini nani mwengine angeshona, wakati motokaa zenyewe mjini zinahesabika kwa vidole? Alitoa singa zote zilizooza, akakijaza makumbi, na juu ya tundu akatia kiraka. Ngozi nyeusi hakuwa nayo. Alitia nyekundu ya makubadhi, akaizungushia nakshi zake za makubadhi. Kikarudi kimekaa kama kanzu ya mwendawazimu.

"Haya," nikasema, "kibaya, lakini kiti. Kesho twende."

Bwana Khelef hata kile kiraka hakukiangalia. Alikaa, akainuka, akakibonyeza kwa kiganja huku na huku. "Kigumu," akasema.

Kikarudi kwa Darwesh. Makumbi yakatolewa, ukatiwa usufi. Kikaja. Bi Nunu, ili arekebishe aliloharibu, akakipaka mafuta ya nazi usiku ngozi ipate kulainika. Asubuhi kimejaa sisimizi kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Tukawafukuza, tukakifuta, Bwana Khelef akakaa, akabonyeza.

"Hapa pembeni kigumu."

"Kigumu!" nikasema. "Kwani kuna mtu anataka kukila?"

Kikarudi. Na siku zinakwenda. Mwezi wa nane umepinduka, Kulthum kaingia wa tisa, na mimi usingizi sipati. Nikifumba macho namwona Muza, nikifumbua naona kitanda kilichotandikwa hakina mtu. Nilimwambia mume wangu, basi tukodi gari la farasi.

"Lile la magurudumu ya chuma?" akasema. "Hapana."

"Basi gari la moshi, nitakwenda nimshike mwenyewe."

"Yale mabao matupu? Hapana, Bi Shariffa."

Sikilizeni hayo! Mtu kanunua motokaa, magari ya waja wa Mungu hayamfai tena. Nikamwambia, "Mimba haimngoji Darwesh, Bwana."

"Ngoja kidogo."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo! Na la mwanao litauma kweli kweli, si la methali!"

Aliinamisha kichwa, akavaa makubadhi yake, akatoka. Alikwenda wapi? Kwa Darwesh! Siku hizo alikuwa akishinda huko, anamsimamia fundi. Darwesh mwenyewe alichoka, akamwambia mbele za watu, "Bwana Khelef, hiki ni kiti, si mkate wa kumimina!" Mji mzima ukapata la kuchekea. Mimi nikaona sababu ni moja tu. Kiburi. Anaogopa watu wa Bububu watasema kamchukua binti yake katika motokaa mbovu. Ananitoa roho mimi kwa ajili ya kiti! Nilimchukia, nakuambieni kweli. Nilimchukia nikamwekea chakula bila kumwangalia.

Asubuhi moja mlango ukagongwa kwa pupa. Alikuwa Suud, mume wa Kulthum, kaja na gari la moshi la mwanzo, karoa jasho na kofia kaishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Kulthum kiuno kinamuuma tangu alfajiri. Kinakuja, kinakwenda. Mama yangu kasema amwite mkunga wa pale pale, nami nikasema nije kwanza. Analia anakutaka wewe."

Nilishika mlango nisianguke. Lakini mdomo ulikuwa mzima. "Kimbia kwa Darwesh, Darajani! Mwambie mkweo aje sasa hivi!"

Alikimbia. Alirudi peke yake.

"Baba kasema kiti kinamaliziwa," akasema, na alikuwa akitweta. "Mishono ya mwisho. Kasema asichukuliwe mtu mpaka afike nacho."

Hapo kitu kilinikatika. Nilipiga ukelele mmoja, majirani wakafungua madirisha. "Kiti! Mwanangu mmoja nshamzika, wa pili yuko kwenye uchungu, na yeye yuko Darajani anangoja kiti! Kiti na kimle!"

Nilivaa buibui langu. Tangu niolewe sijapata kutoka bila ruhusa ya mume, na siku ile sikuona hata aibu. Nikaingia chumbani, nikaliangalia lile godoro nililomtandikia Kulthum, godoro jipya la usufi, nene. Nikatoa shuka.

"Suud, jitwike."

Bi Nunu alikuwa keshavaa buibui lake, kasimama mlangoni na chetezo mkononi. "Nnakwenda nawe, wifi. Mimi ndiye niliyeharibu."

"Hicho cha nini?"

"Njiani kuna mashetani, na mja mzito..."

"Weka chini, Bi Nunu! Weka chini, ama wallahi nakuacha hapo hapo!"

Akakiweka kizingitini. Tukaenda kwa miguu mpaka Funguni, Suud mbele na godoro kichwani, sisi nyuma. Simai alikuwa akifuta taa.

"Bi mkubwa," akasema, "kiti hakijarudi."

"Nnaona. Nna macho."

"Sasa mtakaa wapi?"

Nikamwonesha. Nyuma mlikuwa na mbao tupu pale kilipotolewa kiti. Tukaliingiza godoro, tukalisukuma huku na huku, likaenea pale kana kwamba lilishonewa humo. Nilisimama nikalitazama, na hasira zikanipanda upya. Kumbe hivi tu! Sisimizi wote wale, Darwesh, makumbi, usufi, na dawa ilikuwa chumbani kwangu!

Simai akajikuna kichwa. "Bwana aliniambia motokaa isiondoke bila ya kiti."

"Bwana wako leo nani?"

Akanitazama, akamtazama Suud, akachukua mpini wa kuwashia. "Leo, Bi mkubwa, ni wewe," akasema, akauzungusha.

Suud alikaa mbele na Simai. Sijapata kupanda kitu kama kile. Wanawake wawili wazima ndani ya mabuibui, tumekaa juu ya godoro tumeshikana, watu wanatoka madukani kututazama. Bi Nunu alisoma kila dua anayoijua na nyengine nadhani alizitunga. Mimi nilisoma moja tu: nimkute mzima.

Nilimkuta kasimama, kashikilia mlango wa kwao kwa mikono miwili, uso umemvimba. Mama mkwe wake, mwanamke muungwana, alikuwa akimsugua mgongo. Kulthum aliponiona alianza kulia kama mtoto.

"Mama, mbona mmekawia?"

Nilimshika tu. Mama mkwe akachungulia ndani ya motokaa, akaniuliza kwa adabu, "Kitanda hiki, mwenzangu, au gari?" Nikamwambia leo ni vyote viwili, na akatusaidia kumlaza, akatupa na kopo la samli.

Tukageuza. Nilimwambia Simai polepole, na kweli alikwenda polepole, hata punda wangetupita. Kulthum kalala, kichwa kwangu, miguu kwa Bi Nunu. Uchungu ukija ananibana mkono, ukenda ananiuliza tumefika wapi. Na mimi moyoni nilikuwa nikimpangia baba yake maneno. Nilianza kuyapanga tulipotoka Bububu na kufika Mtoni yalikuwa yamekamilika, makali, yamenyooka, hayajapata kusemwa na mke wa mtu yeyote hapa Unguja.

Tulipopita Mtoni tukaona mtu anakuja katikati ya barabara. Kapandisha kanzu mpaka magotini, kilemba hana, mguu mmoja una kubadhi na mwengine hauna, na kichwani kajitwisha mzigo mrefu mweusi unaomyumbisha huku na huku. Nikadhani hamali mlevi.

"Bi mkubwa," akasema Simai, "yule Bwana."

Ndiye. Bwana Khelef, ambaye hata kikapu cha sokoni hakipitishi mbele za watu, kabeba kile kiti kichwani tangu mjini, na kiraka chake chekundu kinaonekana kutoka mbali. Kafika nyumbani katukosa, kafika Funguni kakuta motokaa haipo, na kiti anacho yeye.

Simai akasimamisha. Nikafungua mdomo nianze.

Bwana Khelef alikitupa kile kiti. Alikitupa mavumbini, kiti kilichonikondesha, hakukiangalia hata kilipoangukia. Akaja mbio. Mimi hakuniona kabisa.

"Kalazwa wapi?" akasema. "Mwanangu kalazwa juu ya nini?"

Aliingiza mikono yote miwili chini ya Kulthum, akabonyeza, chini ya mgongo, chini ya kiuno, chini ya kichwa kwenye mapaja yangu.

"Godoro, baba," Kulthum akamwambia. "Godoro la usufi. Laini."

"Laini?"

"Laini, baba. Haliniumizi."

Akabonyeza mara nyengine. Kisha akakaa pale pale kwenye ubao wa kukanyagia, katugeuzia mgongo.

"Muza nlimlaza juu ya ubao," akasema.

Sikuwahi kulisikia jina lile kinywani mwake tangu tumzike. Bi Nunu akashika kifua.

"Nlitoka nyumbani kwa haraka, hata mkeka sikuchukua. Gari lile lilikuwa mbao tupu. Nlivua joho nikamtandikia, lakini joho ni nini? Kila jiwe, kila jiwe, ananambia, baba, ubao unaniumiza. Namwambia vumilia, mwanangu, tunakaribia. Hatukaribii. Tukafika Mwera. Hapo ndipo alipoacha kuniambia."

Kigumu, kigumu, hapa pembeni kigumu. Nilikuwa nikilisikia neno hilo kutwa nzima nikadhani ni kiburi cha mtu na motokaa yake. Walisema wenyewe wahenga, mwenye kovu usidhani kapoa, na mimi ni mke wake, nalala naye chumba kimoja, na kovu lenyewe sikuliona. Nilitaka kumgusa bega, lakini mkono wangu Kulthum alikuwa kaubana.

"Baba! Mama!" akapiga kelele. "Mtakwenda kulia nyumbani! Mimi nnazaa!"

"Panda, Bwana," nikasema. "Panda upesi."

Alipanda kwenye godoro, mwanamume kati ya wanawake, akakipakata kichwa cha binti yake. Nikamwambia Simai aende. Kiti tulikiacha pale pale kilipoangukia. Tangu Mtoni mpaka Malindi, Bwana Khelef hakusema ila kitu kimoja.

"Simai, jiwe."

"Naliona, Bwana."

"Simai, jengine."

"Naliona, Bwana."

Uchochoroni kwetu tulimwingiza juu ya lile lile godoro, wanaume watatu wamelishika, na Bi Nunu mbele anawafukuza kuku na watu. Mkunga wetu alikuwa keshafika, majirani walishamwita. Kabla ya magharibi Kulthum alizaa mtoto wa kike, mzima, sauti ya juu kama ya bibi yake, na yeye mwenyewe akakaa kitako akadai uji wa pilipili manga. Nilisujudu pale pale sakafuni.

Simai alirudi Mtoni kukitafuta kiti, akakuta keshakichukua mtu. Bi Nunu akasema si neno, aliyekichukua kapata kiti kishatoharishwa.

Nilimkuta Bwana Khelef kakaa ukumbini, miguu mitupu ina vumbi la barabara, bado hajanawa. Nikampa mtoto. Alimwadhinia sikioni, akamtazama sana, akanirudishia.

"Mama yake?"

"Mzima. Kalala."

"Kalalia nini?"

"Bwana!" nikasema, hasira zikanijia kwa mazoea. Kisha nikamwangalia uso wake, nikayaacha hapo hapo niliyotaka kusema. Chumba cha mzazi hakiingii mwanamume saa kama ile, na mkunga alikunja uso, lakini nilifungua mlango nikamwambia, "Njoo uangalie mwenyewe."

Aliingia polepole. Kulthum kalala, mdomo wazi, amechoka. Bwana Khelef alipiga goti kando ya kitanda, akaweka kiganja juu ya godoro, akabonyeza mara moja tu. Nikapiga goti pembeni yake, nikaweka mkono wangu juu ya wake. Hapo ndipo tulipomlilia Muza, mimi na yeye pamoja, kwa sauti, mpaka mkunga akatutoa nje.